Koili Aliyoifunga Ngigi

Jumamosi hiyo duka la Kigen, katikati ya mji wa Nakuru, lilikuwa limefurika. Kijana mwenye jaketi la maruni alijipenyeza mpaka kaunta, akaweka kivepu chake, kile kifaa cha betri cha kuvuta mvuke, mbele ya muuzaji.

"Niaje, boss. Hii kitu inanichoma mkono."

"Mimi si boss. Naitwa Jerop."

"Ngigi. Natoka Free Area."

Jerop alikifungua kivepu. Ndani kulikuwa na koili ya waya nene, iliyozungushwa mara chache tu. Akaiweka kwenye kipimo, akatikisa kichwa.

"Umeifunga mwenyewe? Ukinzani wa waya uko chini sana. Ukishuka hivi, koili inavuta umeme mwingi kuliko betri inavyoweza kutoa. Betri inachemka, na siku moja itapasuka."

"Lakini moshi inatoka poa."

"Hata nyumba ikiungua inatoa moshi."

Ngigi alicheka, na Jerop akajikuta anatazama kile kicheko. Alimfungia koili nyingine, yenye mizunguko zaidi. Wiki iliyofuata Ngigi alirudi bila tatizo lolote. Baadaye zikaanza simu.

"Sweetheart, betri yangu leo iko baridi. Ni mimi tu nimechemka."

"Basi punguza kuongea," Jerop alimjibu, akitabasamu peke yake.

Kisha vijana wa mtaa wa Rhonda wakaandaa shindano la kupuliza mawingu ya mvuke. Ngigi alitaka wingu kubwa. Akang'oa koili ya Jerop, akafunga yake fupi. Betri ilimlipukia kiganjani. Hospitalini, dada yake Abby alipomuuliza nani alikitengeneza kivepu hicho, Ngigi alisema, "Jerop."

Abby alienda moja kwa moja dukani, akamsimanga Jerop mbele ya wateja. Jerop aliomba kivepu alichokibeba Abby, akaitazama ile koili iliyoungua.

"Hii sikuifunga mimi," alisema.

Hakuna aliyemsikiliza. Kigen, mwenye duka, akamwambia akapumzike nyumbani kwanza. Jerop alizuia namba ya Ngigi, akapanda gari kwenda kijijini kwao Keringet kumsaidia mama yake kuvuna viazi. Hakulia. Alishangaa tu jinsi jina lake lilivyomtoka Ngigi kwa urahisi.

Siku moja asubuhi Kigen alipiga simu. Ngigi alikuwa amekuja dukani na Abby, akasema ukweli wote wateja wakisikia. Kazi ya Jerop ilikuwa inamngoja.

Mchana huohuo Ngigi mwenyewe akatokea langoni kwa kina Jerop, mkono umefungwa bendeji.

"Niliogopa kuonekana mjinga," alisema.

"Ukaona afadhali nionekane mimi."

"Ndiyo. Nisamehe, Jerop. Nataka kukuoa, kama bado unaweza kunitazama."

Jerop aliitazama ile bendeji.

"Unaweza kukunja vidole?"

Ngigi alijaribu. Vidole viliishia katikati. Jerop aliona anavyojikaza asionyeshe uchungu, na hasira yake ikapungua kidogo. Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha chai. Ngigi akakipokea kwa mkono wa kushoto, kikayumba, na Jerop akakishika kwa chini mpaka alipomaliza kunywa.

"Kazini nitarudi Jumatatu," Jerop alisema. "Na hayo ya ndoa, usiniulize tena. Nikiwa tayari, nitakuuliza mimi."

"Nitangoja."

"Sawa. Sasa kuja ushike gunia la viazi. Kwa huo mkono mzima."