Mwizi Aliyekaza Nati

Tairi la nyuma lilikuwa limeibwa, lakini pikipiki ilikuwa imesimama juu ya magurudumu yake mawili. Inspekta Rula aliizunguka mara mbili kabla ya kusema neno. Rula si jina alilozaliwa nalo. Alibandikwa na wenzake wa trafiki, alikopima alama za breki kwa miaka tisa, na mpaka leo haamini kitu ambacho hajakipima.

Mwenye mali alikuwa daktari wa meno, mgane wa miaka miwili, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alitoka kliniki saa kumi na moja jioni, akafungua banda la nyuma ya nyumba, akakuta tairi lake pana la milimita mia mbili na arobaini halipo. Mahali pake pamefungwa lile la zamani, jembamba, la mia na themanini. Kesho yake ilikuwa siku ya maonyesho ya pikipiki kubwa. Daktari alikwisha kumtangazia kila mgonjwa kwamba ataingia uwanjani na binti yake nyuma, na wagonjwa, midomo wazi, hawakuwa na la kujibu.

"Kufuli limevunjwa?" Inspekta aliuliza.

"Halijaguswa."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi, binti yangu, na shemeji yangu. Ndiye fundi wangu, kaka wa marehemu mke wangu. Lakini afande, unapoteza muda. Mkamate Kipara."

Kipara alikuwa mwenyekiti wa chama chao cha waendesha pikipiki, na hadi mwezi uliopita hakuna aliyemzidi kwa upana wa tairi. Inspekta alimkuta mtaa wa pili akisugua pikipiki yake kwa kitambaa. Alikuwa kazini kutwa nzima, mashahidi kumi. Alipoelezwa kisa alikuna kichwa chake kisicho na unywele, akauliza ni mwizi gani anayekuibia tairi kisha akakufungia jingine. Inspekta aliona ni swali la maana, akarudi nalo bandani.

Safari hii alipiga magoti. Aliyefanya kazi ile hakuwa na haraka. Tairi pana lilikuwa limehitaji kipande cha chuma cha kusogeza mnyororo nje usisuguane na mpira. Kipande kilikuwa kimetolewa, na mnyororo umerudi kwenye mstari wake, umenyooka sawasawa. Upepo wa tairi ulikuwa wa kutosha. Juu ya nati ya ekseli palikuwa na mchirizi wa rangi ya njano, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma cha jirani, kama wanavyoweka mafundi makini ili nati ikilegea waione. Inspekta aliugusa kwa ukucha. Ukanata.

"Shemeji yako aliishika pikipiki hii lini mara ya mwisho?"

"Wiki tatu zilizopita, alipofunga tairi pana."

Rangi ya wiki tatu hainati.

Fundi alikuwa gereji kwake ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Nyuma ya meza yake ya kazi lilikuwepo tairi pana, limekatwa vipande viwili kwa msumeno. Hata hakuwa amelifunika.

"Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, afande. Kazini."

Inspekta aliweka simu mezani, picha ya ile nati kwenye kioo. Fundi aliitazama, akajicheka kidogo.

"Mkono huu," alisema. "Miaka ishirini na sita haujaacha nati bila alama. Hata kwenye wizi umeweka."

Alikaa juu ya ndoo akaeleza bila kubembelezwa. Tairi pana lina sura, hilo hakubishi. Alipomaliza kulifunga, yeye mwenyewe alirudi nyuma hatua tatu akaliangalia kwa raha, maana pikipiki ilikuwa na makalio kama ya fahali. Lakini uso wake ni bapa. Kwenye kona unailaza pikipiki, yenyewe inataka kusimama, na usipoilazimisha kwa usukani inakupeleka nje ya barabara. Shemeji yake alijifunza kuendesha akiwa na miaka hamsini. Alimwonya, akaulizwa fundi gani anaogopa kona.

"Huwezi kuwa umeiba kwa sababu ya utani," Inspekta alisema.

"Hapana." Fundi alifuta mikono iliyokwisha kukauka. "Wiki iliyopita, kwenye kona ya kiwandani, ilikataa kulala. Ikaenda nje ikagonga ukingo. Shemeji alicheka, akaendelea na safari. Hakujua kwamba mguu wa binti ulibanwa. Mtoto alimwambia ameteleza ngazini."

"Kwa nini afiche?"

"Muulize mwenyewe. Mimi mjomba wake aliniapisha nisimwambie baba yake. Nikatafuta njia nyingine."

Waliketi wanne sebuleni kwa daktari, Inspekta akaeleza habari ya kona ya kiwandani. Binti, wa miaka kumi na saba, alimtazama mjomba wake, akaelewa kwamba siri imetoka.

"Baba, mama alipofariki ulikuwa unarudi kazini unakaa kwenye kochi hata taa huwashi," alisema. "Mwaka mzima. Pikipiki ilipokuja ukaanza tena kuimba bafuni. Ningekuambia naogopa, ungeiuza siku hiyo hiyo."

"Na kesho ungepanda?"

"Ningepanda."

Daktari alilia mbele ya polisi bila kujificha. Fundi aliomba radhi, akasema tairi atalilipa.

"Nyamaza, shemeji," daktari alisema. "Ungelikata vipande vinne."

Inspekta alimuuliza kama anataka kesi iendelee. Daktari alitikisa kichwa. Inspekta akaandika kwenye jalada kwamba mlalamikaji ameondoa malalamiko, akampa kalamu atie sahihi.

Daktari alipomaliza kusaini alishuka kwenye kiti, kwa shida kwa sababu ya tumbo, akakaa sakafuni mbele ya binti yake. Aliuinua mguu wake taratibu akauweka mapajani.

"Panauma wapi?" aliuliza.

Swali hilo huwauliza watu baki kutwa nzima, kila siku. Binti aliinama, akamwonyesha kwa kidole.