Maji Yaliyokuja Kimya

Ermelinda alikuwa uani akikaanga bajia za kuuza sokoni Buzi. Ghafla akashtuka. Vyura wa mashamba ya mpunga, ambao hawanyamazi msimu wote wa mvua, walikuwa kimya. Ukutani, sisimizi walikuwa wakipanda juu na mayai yao meupe.

"Baba Laurinda, unasikia?" alimwuliza mumewe, Zefanias.

"Nasikia nini?"

"Si ndiyo hayo! Hakuna hata sauti moja."

"Sasa umeanza kuogopa hata kimya? Geuza bajia, zinaungua."

Jirani yao, Dona Custódia wa kamati ya maafa, akapita na kipaza sauti. "Kimbunga kiko baharini! Tokeni mapema! Nendeni shule ya mlimani!"

Zefanias akacheka. "Huyu naye akishika hicho kipaza sauti hakiachi!"

Hawakutoka. Mchana, mbingu ikawa nyeusi. Choo kikaanza kububujika. Maji hayakuja na kishindo kutoka mtoni kama walivyodhani. Yalichomoza sakafuni, polepole, kama mtu anayenyata. Viatu vya Mbuya, mama yake Zefanias, vikaelea hadi mlangoni, vikatoka nje vyenyewe.

"Dawa za presha za mama ziko wapi?" Zefanias aliuliza.

"Si wewe uliziweka!"

"Tochi je?"

"Haina betri!"

Binti yao Laurinda hakuwepo. Walimbeba Mbuya mpaka mlimani, kisha wakarudi kumtafuta mtoto. Yeye naye alikuwa akiwatafuta wao. Walimkuta kanisani, maji yakimfika kifuani, ameng'ang'ania nondo za dirisha. Hakuzungumza mpaka kesho yake. Mbuya, kwa kukosa dawa, nusura apooze.

Maji yalipokauka, Dona Custódia alikuja kuwajulia hali, akawahimiza wajiandae kwa mafuriko mengine.

"Dada, sisi hatuna uwezo wa kununua vitu vya dharura," Ermelinda alisema.

"Nani kakwambia ununue? Anza na kimoja. Leo osha dumu, jaza maji safi, lifunike. Kesho tia vyeti na vitambulisho kwenye mfuko wa plastiki, ufunge kabisa. Dawa za Mbuya, tochi na betri ziwe kwenye begi moja karibu na mlango. Kila mtu nyumbani alijue hilo begi."

"Na mtoto?" aliuliza Zefanias, macho chini.

"Kubalianeni mahali pa kukutana. Hatari ikija, kila mtu aende huko moja kwa moja. Asirudi nyumbani. Asimtafute mwenzake majini. Na kamati ikipandisha bendera nyekundu ya hatari, msingoje kuona maji. Ukiyaona, umeshachelewa."

Wakachagua lango la shule ya mlimani. Jumapili moja walifanya mazoezi, Mbuya akiwa juu ya mkokoteni.

"Zefanias, mnahamia wapi jua lote hili?" majirani waliwatania.

"Waache wacheke," alisema Mbuya. "Mimi napunga upepo."

Msimu uliofuata, bendera nyekundu ilipanda. Zefanias alikuwa shambani, Laurinda kwa rafiki yake. Ermelinda alichukua begi na dumu, akampandisha Mbuya mkokotenini, akasukuma. Njia ilikuwa kavu bado.

Walipofika njia panda, akasikia sauti upande wa mtoni. Nyembamba. Ya mtoto.

"Mamaaa!"

Ermelinda akasimama.

"Ni Laurinda, Mbuya! Ananiita!"

Mbuya akamshika mkono. "Tulikubaliana wapi?"

"Langoni, lakini..."

"Basi twende langoni. Tumwambie Custódia, kamati yake ina mtumbwi."

Sauti ikaita tena. Ermelinda akalia, lakini akasukuma. Kila hatua ilimwuma.

Langoni, Zefanias alikuwa amesimama. Kando yake, Laurinda alikuwa akila muhogo.

"Laurinda! Uliniita?"

"Hapana, mama. Nimekaa hapa tangu bendera ilipopanda."

Watu wa kamati walikwenda mtoni kwa mtumbwi, wakaita sana. Hawakumwona mtu, na mlimani hakuna mzazi aliyekosa mtoto.

"Labda ni upepo," alisema Dona Custódia.

Ermelinda aligeuka. Alitazama chini bondeni. Pale njia panda aliposimama, hapakuwa na njia tena. Palikuwa na maji tu, yametulia kama kioo. Akamvuta mwanawe karibu, akamkumbatia kwa nguvu.