Chumvi Niliyomtilia Nekesa

Nina miaka ishirini na tisa, mke wa kwanza wa dereva wa trekta katika shamba moja la kahawa hapa Ruiru. Kwetu ni Kakamega. Nilizaa mtoto mmoja tu, Nekesa, na nilimpoteza kwa mkono wangu mwenyewe... Nisikilizeni.

Nekesa alipotimiza miaka sita tumbo lilimvimba, akatapika damu. Daktari wa Thika alisema ini limeharibika, damu haipiti vizuri, na mishipa ya kooni imejaa, inaweza kupasuka. Tumlishe chakula laini, kisicho na chumvi. Choo tukiangalie kila asubuhi: kikiwa cheusi, damu inavuja ndani, tumkimbize hospitali.

Mimi nilichuma kahawa kutwa. Aliyebaki naye ni Rosa, mke mwenzangu, msichana asiye na mtoto. Alimpondea ndizi, alimwogesha, choo alikichungulia bila kinyaa. Tumbo likapungua. Nekesa akaanza kumwita mama... Mama! Na mimi je, nilikuwa nani? Nikirudi jioni, mtoto hainuki hata kidogo mapajani mwa Rosa. Nikashikwa na wivu!

Basi nikapika mboga za kwetu, nikatia chumvi ya majivu, ile tunayochuja kwa maganda ya maharagwe yaliyochomwa. Nikajidanganya kwamba daktari alikataza chumvi ya dukani tu. Nekesa alilamba vidole, akasema, "Mama, chako kitamu kuliko cha Mama Rosa!" Loo, nilifurahi kama mwendawazimu! Nikampa kila jioni, kwa siri.

Tumbo likavimba tena. Mume wangu akafoka kwamba Rosa ni mzembe, huenda hata ni mchawi. Rosa alinigeukia akilia, "Mama Nekesa, sema basi! Si wewe unaona ninavyompikia?"

Nilinyamaza... Akarudishwa kwao.

Mtoto nikawa naye peke yangu, lakini kazi ya Rosa sikuiweza. Nilidamka kwenda kuchuma, choo sikukiangalia. Siku ya tatu Nekesa alitapika damu, beseni zima! Njiani kwenda Thika akauliza, "Mama Rosa yuko wapi?" Jamani, hata saa ile nilimwonea wivu!

Hakufika hospitali.

Akina mama wenzangu, anayempenda mwanao hajakunyang'anya kitu. Msifanye nilivyofanya, nawasihi!

Mume wangu bado anamlaani Rosa. Yeye husoma gazeti hili kila Jumamosi, na huanzia ukurasa huu. Basi na asome.