Utepe Mwekundu wa Thamesmead

Wenzake wa klabu walimvuta Suad kutoka mferejini saa saba na kitu mchana, Jumapili moja ya Septemba 2003, kule Thamesmead kando ya Mto Thames. Nyonga ilikuwa imevunjika, mdomo umejaa ute wa kijani, na panya aliyekufa zamani alikuwa amenasa kwenye spoku za baiskeli yake. Waliokuwepo walitapika. Baada ya wiki moja hospitali ikasema amepata homa ya mkojo wa panya, na figo zimeanza kugoma.

Hiyo ilikuwa klabu ya baiskeli za milimani, ingawa kilima kikubwa walichowahi kukipanda ni tuta la kupunguza mwendo wa magari. Walikuwa Wazanzibari na Wahindi wa Afrika Mashariki, na kila Jumapili waliendesha kwenye nchi tambarare yenye matete yanayozidi kichwa. Mbele huoni kitu, kwa hiyo unafuata tepe nyekundu zilizofungwa kwenye nguzo: utepe ukiwa kushoto, unapinda kushoto. Siku hiyo, penye njia panda, utepe uliopaswa kuwa kushoto ulikuwa kulia, na kulia kulikuwa na mfereji uliofunikwa magugumaji yanayofanana kabisa na majani ya uwanjani. Suad alikuwa wa mbele kundini.

Tepe zilifungwa asubuhi na Chandrakant, mfamasia wa Stanmore aliyezaliwa Mkunazini, Unguja. Polisi walikuwa wameshamhoji mara mbili, na akishtakiwa leseni yake inakwenda na maji.

Ibtisam, shangazi yake Suad, aliwahi kuwa askari mpelelezi Unguja kabla ya kuja kukagua madai ya bima Wembley. Alianza kuichunguza ajali hiyo akimchukia Chandrakant wa watu. Mkewe Chandrakant, Champa, alikuwa akileta mchuzi hospitali kila jioni, na ukoo ukiumwaga kwenye pipa la wodini bila hata kuuonja.

Kwanza aliwafikiria vijana wa mtaani. Akawatoa, maana kijana mtundu angeuchana utepe au angeondoka nao, asingekaa kuufunga upya kwa fundo zuri. Aliyeuhamisha aliijua maana yake. Na waliotangulia mbele ya kundi walikuwa wawili tu, Chandrakant na Hafidh.

Chandrakant hakujitetea sana. "Nilirudi kuangalia ile nguzo, dada. Utepe ulikuwa kushoto, nikaenda zangu mbele. Nani alinishuhudia? Hakuna."

Hafidh, aliyeiongoza klabu miaka mingi mpaka wanachama walipompa Chandrakant kazi hiyo mwezi wa Aprili, alikuwa na maneno mengi zaidi. Alisema alifika mapema kwenye benchi la zege karibu na nguzo hiyo, akatandika koti lake akaswali Adhuhuri.

"Nipo kwenye tahiyatu, nimekaa mwisho wa swala, Bi Ibtisam, bado sijatoa salamu," alisema kwa upole. "Namwona huyo Chandrakant mbele yangu anafungua utepe, mto uko nyuma yake. Police nishawaambia. Mimi siwezi kusema uongo juu ya swala."

Ibtisam alikwenda kupatazama mahali penyewe. Benchi lilikuwa upande wa nchi kavu na nguzo upande wa mto, na mto pale uko kaskazini. Aliwapigia wanachama wote waje Jumapili ifuatayo.

Walipokutana, alasiri ilikuwa imeingia. Ibtisam alimwomba Hafidh awaswalishe palepale aliposwali siku ile, wamwombee Suad. Hafidh alipendezwa. Alitandika koti lake lilelile kando ya benchi, akasimama akielekea kusini-mashariki iliko Makka, kama asimamavyo kila Mwislamu London. Wanaume wakajipanga nyuma yake, wanawake nyuma yao. Chandrakant alibaki na baiskeli.

"Kabla hujahirimia swala, Hafidh," Ibtisam alisema, "bila kugeuka, nionyeshe nguzo."

Mkono wa Hafidh uliinuka nusu, ukashuka. Mbele yake palikuwa na matete na maghorofa. Nguzo na mto vyote vilikuwa mgongoni.

"Labda siku ile nilikosea kibla," alisema.

"Miaka ishirini unaswali mji huu. Hukuswali siku ile, wala hukumwona mtu. Ulihamisha utepe, kisha ukaifanya swala kuwa shahidi wako."

Hafidh alikaa kwenye benchi, uso umemshuka. Alisema alidhani watapotea tu, warudi na matope, waseme Chandrakant hajui kuongoza. Hakujua Suad yuko mbele. Walipomtoa mferejini aliogopa, na uongo ukamtoka mdomoni. Aliyasema haya akijifuta jasho, na katika maelezo yote hakuuliza figo za Suad zinaendeleaje. Hilo ndilo lililomtia Ibtisam kinyaa kuliko yule panya.

Hakuna aliyempigia kelele. Mmoja mmoja walisogea, wakapanga safu mpya pembeni na imamu mwingine, na koti likabaki peke yake chini. Ibtisam aliwapigia simu polisi kwanza, ndipo akaswali.

Baadaye alimfuata Chandrakant kwenye baiskeli kumwomba radhi.

"Suad anaanza kula," alisema. "Mwambie Champa asiache kuleta mchuzi."

Chandrakant alimtazama. "Mlikuwa mnaumwaga," alisema. "Champa alijua. Alikuwa anaukuta pipani, na kesho yake anapika tena."