Bakuli la Danbako

Kwanza ilikuwa redio. Lantana aliifunika kwa kitambaa mchana kweupe, akaipa mgongo, akaendelea kudarizi kofia ya mchumba wake. Mama yake, Inna Delu, alicheka. Siku hizo nyumba yao ya Zaria ilinukia manukato ya arusi, na bibi arusi haishi vituko.

Kisha akaacha kuoga. Jioni alifumua alichodarizi asubuhi, akasikiliza ukuta, akatabasamu peke yake. Akiwekewa tuwo, ugali wa kwao, alinusa bakuli na kulisukuma.

"Inanuka nywele zilizoungua," alinong'ona. "Inna, huwasikii? Wananisema."

Asabe, mke wa kaka yake, aliacha kuchekecha unga. Aliijua shingo ile iliyoinama kusikiliza kisichokuwepo. Mdogo wake mwenyewe alianza hivyohivyo, akawahishwa hospitali, na leo anauza vitunguu sokoni na kugombana na wateja kama watu wengine.

"Inna, tumpeleke kwa daktari sasa hivi. Ugonjwa huu ukiwahiwa unatibika."

"Hospitali ya vichaa?" Inna Delu alishusha sauti, akatazama mlangoni. "Unataka mwanangu aozee humu ndani? Mwenye jini hupungwa, akaolewa. Kichaa ataolewa na nani?"

Na mtaa mzima ungemuunga mkono, maana mtaa hauugui.

Akaletwa Malam Tukur, mganga wa kupunga majini. Mlango ukafungwa, pilipili ikatiwa kwenye makaa, na moshi ukamwingia Lantana puani na machoni na kooni, naye akakohoa na kulia huku fimbo ikimwandama mgongoni na sauti ya mzee ikirudia swali lile lile, wewe ni nani, jina lako nani, taja jina lako, mpaka binti yule, ambaye sauti zake hazikuwa na jina wala sura, akatafuta jina lolote la kumfungulia mlango.

"Danbako," alisema.

"Toka, Danbako!"

"Ametoka." Nani asingesema?

Inna Delu akapiga vigelegele. Arusi ikafanyika, Lantana akiwa mpole ajabu chini ya mtandio, na upole ule ndio uliomtisha Asabe kuliko kitu chochote. Kabla mvua hazijaanza, mume alimrudisha.

"Nilioa mmoja, wamekuja wawili," alisema. "Kila nikimwambia neno, ananiambia nimuulize Danbako."

Tangu hapo Inna Delu hupakua mabakuli mawili. La pili huliweka kwenye mkeka mtupu na kumkaribisha Danbako kwa heshima. Akisahau, Lantana hugonga kichwa ukutani mpaka liwekwe.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, Asabe aliingia amevaa hijabu. Gari lilikuwa likimngoja nje.

"Wifi yangu, twende hospitali. Umeteseka vya kutosha."

"Danbako hataki."

"Sikumuuliza yeye. Nakuuliza wewe."

Lantana aliutazama mkeka mtupu.

"Anasikia nikijibu," alinong'ona, lakini vidole vyake vilikuwa vimeikamata hijabu ya Asabe na haviachii.

Asabe akamwinua. Walikuwa wamefika mlangoni Inna Delu aliposimama mbele yao, bakuli la pili mikononi.

"Ngojeni," alisema. "Mwacheni Danbako amalize kula kwanza."