Podo Jipya la Reino Kangas

Reino Kangas alikuwa mkata miti katika misitu ya kaskazini mwa Michigan. Kila mwaka, majani yalipoanza kuwa mekundu, yeye na binti yake Aili walichukua pinde zao za mbao wakaenda kuwinda kulungu. Nyama hiyo ndiyo waliyokula majira yote ya baridi.

Zamani Reino alibeba mishale katika podo la mgongoni. Matawi yaliikwaruza mishale, nayo ikagongana. Kulungu walisikia wakakimbia. Basi akaamua kununua podo la kufungwa kwenye upinde wenyewe. Dukani alichagua lililokuwa jepesi kuliko yote, akaondoka.

Aili hakulipenda. Vyembe, yaani vichwa vya chuma vya mishale yao, vilikuwa vikali kama wembe, lakini kofia ya podo ilifunika ncha tu. Makali yalichungulia nje. Tena mishale ilikuwa myembamba kuliko nafasi za vishikio vya mpira vilivyoishika.

"Baba, mishale inacheza kama jino bovu."

"Jino bovu langu nimetembea nalo mwaka mzima," Reino akamjibu. "Vaa buti, twende."

Asubuhi hiyo baridi ilikuwa kali. Walifika kwenye kijito, wakaanza kuvuka juu ya gogo. Reino alitangulia. Gogo lilikuwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Mguu ukateleza. Alianguka ubavu upande wa pili, na upinde ukawa chini yake.

Alikaa tu, akaangalia paja lake. Makali ya mshale yalikuwa yamepasua suruali, na damu ilikuwa ikitoka kwa kasi.

Aili alivuka kwa magoti. Alivua skafu yake, akaikunja, akaigandamiza juu ya jeraha kwa mikono miwili. Reino alitaka kuona jeraha lilivyo. Aili alikataa kuinua kitambaa. Alijua kwamba ukiinua ili kutazama, damu huanza upya.

"Lala chini. Usiongee."

"Sivihisi vidole vya mguu, Aili."

Aili alizidi kugandamiza. Simu haikuwa na mtandao. Hangeweza kumwacha. Alitia mdomoni filimbi ya hatari aliyoivaa shingoni, akapuliza, akanyamaza, akapuliza tena, huku mikono yake ikiendelea kugandamiza. Skafu ililowa. Akaongeza kofia yake juu ya skafu. Uso wa baba yake uligeuka rangi ya jivu.

Mwishowe vichaka vilitikisika. Alikuwa Verna Maki, jirani yao, anayewafundisha wawindaji usalama. Alikuwa akiwinda ng'ambo ya kilima. Walilifunga jeraha kwa nguvu, wakambeba Reino mpaka kwenye gari la Verna. Hospitalini alishonwa. Daktari alisema kama chembe kingeingia ndani kidogo zaidi, wangekuwa wanazungumza habari nyingine.

Reino alipopata nafuu, Verna alikuja kulitazama lile podo. Alichomoa mishale yote kwanza, akaiweka mbali. Kisha akamweleza Reino bila kumkaripia. Kofia ya podo iwe ngumu, na iwe na kina cha kumeza chembe chote, makali na yote. Vishikio vilingane na unene wa mishale yako. Mishale isigusane manyoya. Na upinde wa mbao usitobolewe. Tafuta podo linalofungwa kwa mikanda yenye mpira.

"Nitajuaje kwamba linashika?" Reino akauliza.

"Tia mishale isiyo na makali. Pindua upinde, utikise. Ukianguka hata mshale mmoja, rudisha podo dukani. Kisha gonga upinde kwa kidole. Ukisikia mlio, kulungu naye atasikia."

"Lakini zuri litakuwa zito."

"Beba mishale michache. Unawinda, huendi vitani."

Reino alicheka. Siku iliyofuata alikwenda dukani na mshale wake mkononi, akajaribu podo moja baada ya jingine. Alipopata linalofaa, hakulifunga kwenye upinde wake. Alilifunga kwenye upinde wa Aili. Lake alilinunua baadaye.

Vuli iliyofuata walirudi msituni. Aili alitangulia kushuka mteremko wenye majani yaliyolowa maji. Mara miguu ikamteleza. Aliteleza mpaka chini, upinde ukimfuata na kumwangukia kifuani.

Reino alishuka mbio, akichechemea. Alipiga magoti, akamshika binti yake mikono, mapaja, shingo, akitafuta damu. Hakuona hata tone. Mishale yote ilikuwa mahali pake, na vyembe vilikuwa ndani ya kofia.

"Baba, niko salama."

Reino alibaki amemshika mikono.

"Niachie basi," Aili akanong'ona. "Kuna kulungu nyuma yako, na bado hajatusikia."