Ukuta Uliotoka Kwenye Picha

Roboti zilimwagika kutoka tumboni mwa mjengapicha, ndogo kama punje za mtama, zikapandana na kushikana mpaka zikawa farasi, mabata na mabibi wa Kizungu wenye miavuli ya lesi. Mjengapicha ni mashine inayosoma picha na kuijenga ilivyo. Picha ambayo mashine hii ilipewa ilichongwa kwenye mbao huko Marekani, karne ya kumi na tisa, ikachapwa gazetini: watu wakipunga upepo katika bustani ya jiji. Mkurugenzi wa mji, Lukwale, aliipenda. Basi uwanja wa Morogoro, mahali pa kupumzikia kila mtu, ukang'olewa miti na kugeuzwa picha hiyo.

Pamoja na ukuta wa kioo uliokata bustani katikati.

Shangazi Tatu, ambaye macho yake yalishapungua nguvu, aliugonga kwa uso. Damu ikamtoka puani. Semeni, mhandisi wa mashine ile, alikuwa amelelewa na shangazi huyo.

"Bwana Mkurugenzi, ule si ukuta," alisema kwa sauti yake ndogo, macho chini. "Picha kubwa zilichongwa kwenye vibao vingi, kila fundi na chake, kisha vikaungwa. Mashine imeona mstari mweupe wa maungio, ikadhani ni kitu."

"Acha ubaki. Wageni wakae upande wa mabata, wengine upande wa vumbi."

"Shangazi yangu ametoka damu."

"Mwambie awe anatazama mbele, binti."

Semeni aliichomoa picha mashineni. Akakumbuka kwamba mafundi wa zamani, wakishaunga vibao, walichonga tena juu ya maungio kuyaficha. Naye akachukua kalamu, akachora benchi juu ya ule mstari, na juu ya benchi akamweka Shangazi Tatu na kanga zake, mguu mmoja huku, mwingine kule. Akairudisha picha mashineni.

Ukuta ukamomonyoka palepale. Semeni alikwenda mbio kumleta shangazi.

Lango la bustani halikuruhusu mtu kuingia mara mbili. Roboti mlinzi alimtazama mama yule usoni. "Samahani, mama. Wewe umo ndani tayari."

Kweli, kwenye benchi aliketi mwanamke mwenye kanga zilezile, akiwachekea mabata, pua yake nzima.

"Mwanangu," alisema Shangazi Tatu, pamba bado puani, "yule mwenzangu naye anaumwa magoti? Maana kama haumwi, anipishe nikae."

Lukwale alikuwa akipiga makofi. "Semeni! Kumbe una akili! Tumepata na mama wa Kiswahili, tena huyu hatoki damu!"

Safari hii Semeni hakutazama chini. Aliichomoa picha kwenye mashine, akaweka karatasi tupu.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Nawapisha watu."

Farasi walipiga magoti, wakawa mtama. Miavuli, mabata, benchi, mlinzi, vyote vikarudi tumboni mwa mjengapicha. Ukabaki udongo mwekundu, bila hata mti mmoja wa kivuli. Semeni aliutazama, akalia kwa hasira.

Shangazi Tatu akatandika kanga pale palipokuwa na ukuta, akaketi.

"Sogea, baba," akamwambia Lukwale. "Unanizibia upepo."